Hoho Nilizomchomea Mama Yako

Satellite, Nairobi

Mwende, mama yangu,

Taa ya chumba chako imezimwa lakini nasikia kitanda kikilia, kwa hivyo najua hujalala. Sitagonga. Sanduku lako liko hapa mlangoni, na mimi niko mezani na kalamu niliyoomba kwa jirani, maana siku hizi nyumba hii haina hata kalamu.

Sitakuandikia habari za pasipoti wala za baridi ya Ujerumani. Hayo umeyasoma kunishinda. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi ukikunja nguo. Hukuniangalia. Uliuliza tu, "Dadi, ile hoho ya mami, ulikuwa unaifanyaje?" Nikasema nitakuandikia. Ukasema sawa, ukaendelea na soksi zako.

Nadhani ulitarajia mistari mitano kwenye simu. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini tangu tumzike mama yako hujaweka hoho mdomoni. Hata ile inayokatwa ndani ya kachumbari unaitoa kwa uma na kuisukuma pembeni mwa sahani. Nimekuona mara nyingi na sijawahi kusema kitu. Halafu unakuja kuiulizia wiki unayoondoka. Mistari mitano haitatosha.

Nianze na jibu lenyewe, usije ukasema mzee amezunguka.

Chukua hoho nyekundu, zile zilizoiva mpaka zikawa nzito mkononi. Za kijani zinakubali pia, ila zina uchungu kidogo na mama yako hakuzipenda. Usizikate. Ziweke nzima juu ya makaa, au juu ya moto wa gesi, au kama huko kuna ovena basi iwe na moto mkali kabisa. Kisha uziache. Hapa ndipo watu hushindwa. Wakiona ngozi inaanza kuwa nyeusi wanaogopa, wanazitoa. Wewe zigeuze kwa koleo upande baada ya upande mpaka pasibaki mahali penye wekundu. Zitie kwenye sufuria zikiwa bado moto, ufunike, zitoe jasho humo ndani. Zikipoa kiasi cha kushikika, menya kwa vidole. Usizioshe kwa maji ya mfereji hata kama mikono yote imekuwa myeusi, kwa sababu utamu utaondoka na maji. Toa mbegu, pasua vipande virefu, tia kitunguu saumu kilichopondwa, ndimu, mafuta kidogo, na majani ya dania. Chumvi utatia wewe, maana figo zako ni nzima. Mimi sikuwahi kutia.

Weka kwenye bakuli la kioo, ufunike, uingize kwenye friji. Usile siku hiyohiyo, kesho yake ndiyo zinakuwa tamu. Uzile ndani ya siku tatu, nne, na usiziache mezani ukidhani mafuta yanazilinda. Hayalindi. Ukitoka kazini umechoka unatoa, unakula na wali au na huo mkate wao mweusi. Jibu lako ndilo hilo.

Sasa yaliyobaki.

Ulikuwa darasa la nane wakati miguu ya mama yako ilipoanza kuvimba. Alikuwa akifundisha kule Uthiru na alisema ni kusimama. Akabadilisha viatu. Presha alikuwa nayo tangu ulipozaliwa, dawa alizimeza akikumbuka, na mimi sikuwa mtu wa kumkumbusha. Nilikuwa fundi wa lifti kama nilivyo leo, simu ikilia naenda, na nilijua zaidi afya ya lifti za mjini kuliko ya mtu niliyelala naye. Walipompima figo, zilikuwa zimekwisha. Daktari hakusema zimechoka, au zina shida. Alisema zimekwisha.

Unakumbuka alipoanza kuoshwa damu, mara mbili kwa wiki. Jambo ambalo pengine hukuliona, kwa sababu tulikuficha, ni siku tuliyoketi mbele ya msichana wa mambo ya lishe pale hospitali. Alikuwa mpole. Akamwambia mama yako asile maharagwe. Asile ndizi, wala parachichi, wala nyanya, wala machungwa. Waru, yaani viazi, zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Sukuma wiki vilevile. Maji ya kunywa kikombe kwa kipimo. Chumvi hapana.

Mama yako alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa juu ya mkoba. Kisha akasema, "Mimi ni Mkamba. Umeniondolea isyo, mahindi na maharagwe yetu, umeniondolea kila kitu kinachoenda na isyo. Sasa nimebaki na nini? Hewa?"

"Uko na kabeji," msichana akasema. "Wali. Ugali nyeupe. Na hoho, mama. Hoho nyekundu ni nzuri kwako."

Njiani tulishuka Dagoretti Corner nikanunua hoho kwa Nyambura, yule mama wa mboga anayekuita mkwe. Nilizichemsha. Mama yako akatafuna kipande kimoja muda mrefu, akasema, "Baba Mwende, hii ni mpira." Sikumlaumu. Chakula kisicho na chumvi hata mimi kilinishinda, na nilikuwa nimeapa nitakula chochote anachokula.

Kuchoma nilikujua kwa bahati mbaya. Nilikuwa nje kwenye ngazi ya nyuma na jiko la makaa, nikichoma mahindi yetu sisi wawili, nikaweka hoho moja kando nione itakuwaje. Simu ya kazini ikalia, nikazungumza na yule meneja mpaka nikasahau. Niliporudi ilikuwa nyeusi tititi. Nilipoinyanyua nikaitupe, ngozi ikabanduka mkononi mwangu, na ndani yake nyama ilikuwa nyekundu, laini, inang'aa. Nikaonja. Nikampelekea mama yako kwenye kijiko.

Alifunga macho. "Hii iko na chumvi."

"Haina."

"Unanidanganya. Usinipe chumvi, Baba Mwende, nitakufa."

"Haki ya Mungu haina."

Akala yote. Halafu akauliza kama kuna nyingine. Ulikuwa hapo, ulikuwa unafanya hesabu zako kwenye meza hii, na ulicheka kwa sababu alikuwa na masizi mpaka puani. Mwende, hiyo ndiyo jioni njema ya mwisho ninayoikumbuka ambayo sikuiharibu.

Kwa maana kule kuchoma nilikugeuza kuwa kazi. Kila Jumamosi nilichoma hoho za wiki nzima. Nilizipanga kwenye mabakuli ndani ya friji na nilijivunia. Kanisani wanaume wenzangu walinipiga mabegani wakisema wake zao wamewaambia wajifunze kwangu. Nilipenda kusikia hivyo. Mama yako alipotoka kwenye mashine alikuwa kama nguo iliyokamuliwa, hawezi hata kuvua kiatu, na mimi nilikuwa tayari nimeshika funguo. "Chakula kiko kwenye friji," nilisema. Hicho ndicho kikawa kibwagizo changu. Kiko kwenye friji, kiko kwenye friji. Nikaenda zangu kazini na moyo mweupe, kwa sababu mtu hawezi kusema sijamtunza mke wangu.

Jumamosi moja aliniita kutoka kitandani. "Njoo ukae hapa kidogo."

"Hoho zitaungua," nikasema.

"Si zinatakiwa kuungua?"

Alisema kwa utani. Nikacheka, nikarudi kwenye jiko. Ukweli ni kwamba niliogopa kile chumba. Niliogopa harufu ya ile dawa, na ule uvimbe mkononi pale sindano zilipoingia, ulivyotetemeka kama kitu kilicho hai chini ya ngozi. Kwenye jiko nilijua la kufanya. Kwenye kiti kando ya kitanda sikujua. Kwa hivyo nilichoma hoho nyingi kuliko alizoweza kula, na nyingine zilioza.

Nakuambia haya kwa ajili ya kazi unayoiendea. Watakufundisha jinsi ya kumgeuza mzee kitandani na jinsi ya kumlisha asipaliwe. Utajua kila kitu, wewe ni mwepesi. Ila itafika siku utakuwa umemaliza kila kitu ulichotakiwa kumfanyia na yeye bado anakutazama. Mimi siku hiyo niliondoka. Sina la kukufundisha zaidi ya hilo, kwa sababu sijui ningekaa ningesema nini. Labda ningekaa tu.

Sasa ile wikendi. Hatujawahi kuizungumza, mimi na wewe, hata mara moja. Tumeizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la barabarani, kila mmoja anajua lilipo.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mashine. Kulikuwa na maandamano mjini, barabara zimefungwa, moshi umetanda. Tulifika Dagoretti Corner tukarudi. Nilipiga simu hospitali, wakasema hata wauguzi wengine hawajafika, tumlete Jumatatu asubuhi mapema. Ningeweza kutafuta hospitali nyingine upande huu wa mji. Nilifikiria. Mama yako akasema, "Acha. Siku moja nikae kama watu." Alikuwa amechoka na mimi nilikuwa nimechoka, tukakubaliana. Lazima ulijue hilo vizuri. Watu wazima wawili walikubaliana.

Jumapili aliamka akiwa mchangamfu. Miguu ilikuwa imevimba, uso umevimba, lakini alikuwa akiimba. Akaniambia anataka isyo. Ya mahindi mabichi na kunde, kama alivyopika mama yake kule Kitui, na parachichi juu yake.

"Unajua huwezi," nikasema.

"Najua. Nimekuambia ninachotaka, sijakuuliza kama naweza."

"Hoho ziko kwenye friji."

"Nimechoka na hoho zako."

Ulikuwa koridoni ukisikia. Nilimwambia neno baya. Nilimwambia, "Ukitaka kufa, usinifanyie mimi kazi ya bure." Aliyeambiwa hivyo ni mtu ambaye alikuwa hajashiba kwa zaidi ya mwaka. Simu ikalia, lifti imekwama na watu ndani kwenye jengo moja la Moi Avenue, nikachukua mkoba wa vyuma nikatoka. Nilifurahi kwamba imelia.

Niliporudi jioni nilisikia kicheko kabla sijafungua mlango. Mlikuwa hapa mezani. Yeye alikuwa kwenye kiti hiki. Sufuria ya isyo katikati, maganda ya parachichi, na mama yako akikueleza jinsi alivyoanguka mtoni na ndoo siku ya kwanza baba yangu alipokwenda kwao kuniposea. Sahani yake ilikuwa tupu. Aliniona akasema, "Baba Mwende, keti, imebaki yako."

Unajua nilichofanya. Nilichukua sufuria nikaimwaga yote kwenye pipa la taka, mbele yenu. Nikakugeukia wewe, nikakuuliza kama una akili. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulisema, "Ameniomba, Dadi. Ameniomba akilia." Nikasema hata akiomba sumu utampa? Ukaenda chumbani.

Kuna kitu hukukisikia, kwa sababu mlango wako ulikuwa umefungwa. Mama yako hakunifokea. Alisubiri nimalize kuosha ile sufuria kwa hasira, akaniita, na mara hiyo nilikwenda. Akanishika mkono. Akasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza: "Usimseme mtoto. Mimi ndiye nimeomba. Nimekula na nimeshiba. Likitokea lolote, usije ukamtwika mtoto wangu." Nikasema hakuna litakalotokea, kesho ni mashine. Akasema, "Sawa. Lakini umenisikia?" Nikasema nimekusikia.

Asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, alisema moyo unamwenda vibaya. Nilikuambia ubaki uje baadaye na nguo zake. Hatukufika kwenye mashine. Alianguka pale mapokezi akiwa amenishika bega. Walimkimbiza ndani, wakafunga pazia, wakafanya kazi muda mrefu, nikawasikia. Kisha nikasikia wameacha.

Daktari aliyetoka alikuwa amelowa jasho. Nilimwambia jana alikula isyo na parachichi. Nilimwambia kama mtu anayeshtaki. Akanikalisha kwenye benchi. Akaniambia moyo wa mama yako ulikuwa umepanuka kwa miezi mingi, maji yalikuwa yamejaa mpaka kifuani, na amekosa mashine ya Ijumaa. "Mzee," akasema, "angeweza kufa Jumamosi bila kula chochote. Hakuna daktari atakayekuambia ni hiyo sahani. Usiende nyumbani na hiyo." Nilimsikia. Neno kwa neno nilimsikia, Mwende. Sikuwa nimechanganyikiwa.

Nikaja nyumbani. Mama Kioko, dada ya mama yako, alikuwa amefika kutoka Uthiru, na majirani, na akina mama wa kanisa, wamejaa sebuleni. Wewe ulikuwa umesimama na ule mfuko wa nguo zake, kanga imechomoza juu. Ukaniuliza, "Dadi, wamemlaza?" Na mimi, mbele ya watu wote wale, nikasema: "Si ulimpa parachichi? Basi amekufa. Furahi."

Nimeandika maneno hayo yote kama yalivyo ili usifikiri nimeyasahau au kwamba nayakumbuka yakiwa laini zaidi.

Nilikuwa nimetoka kuambiwa na daktari. Nilikuwa nimemwahidi mama yako usiku uliopita. Lakini ndani yangu kulikuwa na Ijumaa ambayo sikutafuta hospitali nyingine, na ile "ukitaka kufa" niliyomtupia asubuhi, na sikuweza kusimama nayo mbele ya watu. Wewe ulikuwa karibu. Nikakupa wewe uibebe. Mtu anaweza kumpa mtoto wake mzigo wa namna hiyo kwa pumzi moja, na mtoto akaupokea bila kupiga kelele, na watu wakaamini kwa sababu baba ndiye amesema.

Na waliamini. Kule Kitui, kwenye mazishi, niliwaona wanawake wakinyamaza ulipopita na sinia za chai. Hakuna aliyetaka uguse chakula. Walisema umechoka, upumzike. Nilijua kwa nini. Niliketi chini ya hema nikapokea mikono ya rambirambi.

Tuliporudi huku, ulifungua friji. Bakuli la hoho lilikuwa bado pale, zimeota ukungu mweupe. Uliliosha, ukalipangusa, ukaliweka juu kabisa ya kabati. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Hapo ndipo ningesema. Baada ya hapo kulikuwa na siku nyingine nyingi, siku za kawaida, wewe ukipiga pasi, mimi nikisoma gazeti, na kila moja ilikuwa inatosha. Nilijiambia umesahau. Kisha nikajiambia ukimaliza mtihani. Kisha ukaanza masomo ya Kijerumani mjini, ukawa unarudi usiku, tukawa watu wa "chakula kiko kwenye friji", wewe ndiye unayeniambia mimi.

Jumapili iliyopita walipokuja kukuaga, uliona jinsi nilivyochangamka. Nilinunua mbuzi. Nilitoa hotuba. Halafu Mama Kioko akasimama kukushauri, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "Mwanangu, huko unaenda kulisha watu wagonjwa. Ukiambiwa asipewe kitu, usimpe. Wewe unajua."

Sebule nzima ilitazama chini. Ulisema, "Ndiyo, mama." Ukachukua sahani ukaenda jikoni. Na mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikanywa.

Ni siku mbili baada ya hapo uliponiuliza habari ya hoho. Nimewaza sana kwa nini. Labda unataka tu chakula rahisi cha kula ukitoka zamu. Labda ulikuwa unanifungulia mlango. Sijui, na sina haki ya kukuuliza.

Leo mchana nilikwenda Uthiru. Sikukuambia. Nilimkuta Mama Kioko akianika nguo. Nikamwambia pale pale kwenye kamba, sikungoja kiti. Nikamweleza habari ya Ijumaa, na ya daktari kwenye benchi, na ya maneno ya dada yake. Nilipofika kwenye hilo la dada yake aliacha kuanika. Shati lilikuwa mkononi linachuruzika kwenye viatu vyake.

"Alisema hivyo? Katunge alisema hivyo?"

"Alisema."

"Na ulijua siku hiyo hiyo?"

"Nilijua."

Akalitupia lile shati kwenye kamba. Nilitegemea atalia au atanitukana, na ningependa mojawapo. Akasema, "Baba Mwende, mimi sikumtungia huyu mtoto uongo. Wewe ndiye ulisema. Nikashika yako nikatembea nayo miaka yote hii. Nimewaambia dada zangu. Nimewaambia watoto wangu wasile kwake."

Sikujua hilo, la watoto wake. Wewe ulijua?

Nikamwomba akuambie kwamba amekosea. Akanitazama kama ninavyotazama vijana wa kazi wanaotaka niwamalizie lifti waliyoiharibu. "Mimi? Ulisema mbele ya watu. Kasahihishe mbele ya watu." Akaokota beseni, akaingia ndani. Hakunikaribisha chai, naye ni mtu asiyeweza kumwacha hata mtoza kodi akaondoka bila chai.

Nilitembea kutoka kwake mpaka nikachoka. Amesema kweli. Nimekuandikia barua hii yote, lakini barua ni jambo la watu wawili, na lile sikulifanya mbele ya watu wawili.

Mwanangu, sikuombi unisamehe. Ukifika huko ukanyamaza mwaka mzima, nitajua ni kwa nini, na nitawaambia wanaouliza kwamba ni kwa nini. Ninachotaka uende nacho ni kimoja. Mama yako alikufa na ugonjwa wa figo na wa moyo, akiwa amekosa mashine ambayo mimi ningeweza kumtafutia. Wewe ulimpikia. Uliketi naye akala mpaka akashiba, akakusimulia habari za ujana wake. Katika nyumba hii yote ni wewe peke yako uliyekaa naye siku ile. Mimi ningetoa mikono yangu yote miwili ili iwe ni mimi niliyekaa naye.

Kesho watakuja saa nne kwa maombi kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Mama Kioko atakuja na dada zake, nimewapigia wote. Nimewapigia pia wale akina mama wa kanisa waliokuwa sebuleni siku ile, na Nyambura, ambaye naye alikuwepo. Mmoja amehamia Ngong, amesema atatafuta gari.

Pasta akimaliza kuomba, nitasimama. Sitatoa hotuba. Nitasema nilichokisema siku ile, na nilichokuwa nakijua nilipokisema, na nilichomwahidi mama yako nikavunja. Huenda nikashindwa kumaliza, kwa sababu nimejaribu mara mbili jioni hii peke yangu bafuni na sikumaliza. Basi nitaanza tena.

Ukitaka kuwa sebuleni, kaa popote utakapo. Ukitaka kuwa chumbani na mlango umefungwa, ufunge. Ukitaka kuwa umeshatoka, niambie asubuhi tu kwa neno moja, nitakuitia gari likutangulize uwanjani kabla hawajafika. Nitasema ukiwepo na nitasema usipokuwepo.

Baba yako